Mikono ya Wabanguaji na Swali la Daktari

Januari 2020, siku chache kabla ya tarehe 20, nilikuwa Newala kwa bibi yangu mzaa mama. Tarehe ile ndiyo ilikuwa mwisho wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Baada ya hapo laini ambazo hazijasajiliwa zingeanza kuzimwa. Bibi ana laini moja tu, na ndiyo anayopokelea hela za watoto wake walioko Mtwara na Dar es Salaam. Ikizimwa, sukari inakatika na dawa za presha zinakatika. Kwa hiyo tulitoka asubuhi na mapema, tukapanga foleni kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli karibu na stendi.

Ilipofika zamu yake, kijana wa usajili akamwambia aweke kidole gumba kwenye kimashine. Kimashine kikakataa. Bibi akafuta kidole kwa pindo la kanga, akaweka tena. Kikakataa. Wakajaribu cha shahada, cha kati, cha pete, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Yule kijana akamshika bibi mkono, akaugeuza, akatazama ncha za vidole. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa kama nailoni, imepasuka hapa na pale, na weusi umeingia ndani ya nyufa. Akauliza kwa adabu, "Bibi, samahani, unafanya kazi gani?"

"Korosho, baba. Nabangua korosho toka Nyerere yuko Ikulu."

Mwishowe kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikakubali. Bibi alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. "Huyu ndiye mvivu wangu," alisema akikiinua. "Wenzake wanafanya kazi, yeye anatazama."

Na mimi nilicheka. Lakini miaka michache baadaye, nilipoanza shahada ya uzamili ya historia na kuchagua kuandika juu ya kazi za korosho huku kusini, swali la yule kijana lilinirudia. Kwa zaidi ya miaka 40 bibi amekwenda zahanati na hospitali kwa vidonda vya mikono, kwa kifua, kwa macho. Nikampigia simu nikamuuliza kama kuna daktari yeyote aliyewahi kumuuliza kazi yake. Alinyamaza, akifikiri.

"Wa laini tu," akasema.

Ganda la korosho lina kuta mbili, na katikati ya kuta hizo kuna mafuta mazito, mekundu kuelekea weusi. Ndani yake mna asidi anakadiki na kadoli, kemikali zilizo karibu kiukoo na zile za mimea ya Marekani inayowasha watu ngozi wakiigusa tu. Mkorosho na mwembe ni ndugu wa ukoo mmoja. Aliyewahi kuangua embe bichi utomvu ukamrukia shavuni anajua kidogo ninachosema. Kwa mbanguaji haiwi mara moja. Mafuta yanampata kila siku, kwa saa nyingi, mahali pale pale: kidole gumba, cha shahada na cha kati. Ngozi inaungua, inababuka, inaota, inaungua tena, na mistari ya vidole inafutika. Akichoma korosho kwenye bati kabla ya kuzipasua, kama wafanyavyo wengi majumbani, mafuta yale yale yanashika moto na moshi wake unaingia machoni na kifuani. Mafuta hayo yana soko lake pia: viwandani hutengenezewa rangi, gundi na bitana za breki.

Swali la "unafanya kazi gani" lina historia ndefu katika udaktari. Mwaka 1700, katika mji wa Modena, Italia, daktari Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu cha Kilatini juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Anasimulia kwamba alianza kulifikiria jambo hilo alipomwona mtu anayezoa shimo la choo nyumbani kwake akifanya kazi mbio mbio. Akamuuliza sababu ya haraka ile. Mtu yule akamjibu kwamba ukikaa humo muda mrefu unapofuka. Ramazzini akamtazama macho, kisha akaanza kutembelea karakana na mashamba. Kitabu chake kinawataja wachimba madini, wafinyanzi, wachapaji, wakunga, wakulima. Madaktari walikuwa tayari na orodha ya maswali ya kumuuliza mgonjwa, waliyorithi tangu Wagiriki wa kale. Yeye akaongeza hilo moja, na akaona kwamba jibu lake halitoshi kusikilizwa chumbani: daktari aende akaone.

Iliwachukua wengine karibu miaka 200 kulifanya swali hilo kuwa taaluma. Uingereza ilimteua Thomas Legge kuwa daktari mkaguzi wa kwanza wa viwanda mwaka 1898. Milano ilifungua kliniki ya magonjwa ya kazi mwaka 1910. Ufaransa ilitunga sheria ya madaktari wa kazi mwaka 1946. Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo lake la huduma za afya kazini mwaka 1959, kisha mkataba namba 161 mwaka 1985. Ukiisoma hati hiyo ya 1985 unakuta mambo mawili yanayomtofautisha daktari huyu na daktari wa kawaida. La kwanza, kazi yake kubwa ni kuzuia. La pili, lazima awe huru: analipwa na mwajiri, lakini hatakiwi kupindisha ukweli kwa ajili ya mwajiri wala kwa ajili ya mfanyakazi. Ndiyo maana mafunzo yake yanavuka tiba. Anajifunza sumu na vipimo vya vumbi na kelele, takwimu za magonjwa, sheria, na namna ya kuibadili kazi ilingane na mwili wa anayeifanya.

Nimelitumia swali hilo kama kipimo cha historia ya madaktari wa kwetu, Newala juu ya uwanda wa Makonde na Masasi chini yake penye majabali.

Kwenye suala la kazi, daktari aliyetangulia huku alikuwa wa uandikishaji. Wamakonde, Wamakua na Wayao walikwenda kwa maelfu kukata mkonge, Lindi na Mtwara kwa walio karibu, Tanga kwa waliokubali kupakiwa. Kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na walioandikwa waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1936 juu ya uandikishaji ulikwishaweka kanuni kwamba mtu aandikwe baada ya kupimwa na daktari. Kwa hiyo mwili wa mkulima wa Newala ulikaguliwa kwa sababu ya kazi hata kabla hospitali hazijawa nyingi. Ila tazama kipimo chenyewe kiliuliza nini. Kilitaka kujua kama mwili huu unaifaa kazi. Kama kazi inaufaa mwili, hilo halikuulizwa. Wazee niliozungumza nao walinisimulia habari za kupimwa wakati wa kwenda. Kupimwa wakati wa kurudi hakuna aliyenisimulia.

Wa pili walikuwa madaktari wa misheni, na hawa siwezi kuwaandika bila heshima. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifika Masasi mwaka 1876. Wabenediktini walianza Ndanda mwaka 1906, na hospitali yao hadi leo inapokea wagonjwa kutoka kusini yote. Mwaka 1935 alikuja daktari kijana Mwingereza, Leader Stirling, akafanya kazi Lulindi, kati ya Masasi na Newala, akipasua wagonjwa katika majengo ya udongo na nyasi. Alikaa nchini maisha yake yote, akawa raia na mbunge.

Nimesoma taarifa za tiba za miaka ya ukoloni. Magonjwa yamepangwa kwa majina yake: malaria, safura, buba, ukoma, vidonda vya miguu. Mgonjwa ana kabila, ana jinsia, pengine ana umri. Kazi hana. Kidonda cha aliyekatwa na mkonge na kidonda cha aliyechomwa na mwiba akichunga mbuzi vinaingia safu moja, vinafungwa kitambaa kimoja, na wote wawili wanarudi walikotoka. Kwa daktari mmoja na watu laki kadhaa, sioni angefanya nini zaidi. Lakini huo ndio urithi tulioupokea: daktari anakijua kidonda, hajui kilikotoka.

Baada ya Azimio la Arusha serikali ilipeleka zahanati na vituo vya afya vijijini kwa kasi. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu vikundi vikundi kusikiliza habari za malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu, kisha wakachimba vyoo. Mama yangu bado anazikumbuka hadithi za vyoo vile. Mwaka 1975 Stirling, yule yule wa Lulindi, akawa Waziri wa Afya, akakaa hadi 1980. Na miaka hiyo hiyo ndiyo viwanda vya korosho vilikuwa vinajengwa Masasi na Newala.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho, nyingi kutoka huku kwetu. Karibu zote zilikuwa zimezoea kusafirishwa ghafi kwenda India, zikabanguliwe na wanawake wa Kollam, katika jimbo la Kerala, kwa mikono. Serikali, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, ikaamua zibanguliwe hapa. Viwanda 12 vikajengwa, vikafungwa mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani. Wakati huo huo zao lenyewe likaporomoka: watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ikawa ndogo, halafu ukaja ubwiriunga. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000, na viwanda vingi vilikuwa vimesimama. Historia ya viwanda hivyo imeandikwa sana hivyo: uwezo wa mitambo, tani, deni. Nimesoma kurasa nyingi na sikukuta mkono wa mtu.

Bibi alikuwa mmoja wa waliofanya kazi katika kiwanda kimoja cha ukanda huu. Mashine zilikata, lakini haikukosekana korosho iliyopita nzima au nusu, na hizo zilimaliziwa na wanawake kwa mikono, wakatenganisha kiini na ganda. Glovu zilikuwepo, zilitolewa. Kwa nini hawakuvaa?

"Ukivaa huisikii korosho," bibi aliniambia. "Inakuvunjikia. Ikivunjika daraja linashuka, kilo zako hazitimii."

Walipaka majivu na mafuta ya nazi, ujuzi ambao hakuna aliyewafundisha kiwandani. Walioungua sana walikwenda chumba cha huduma ya kwanza, wakapakwa dawa ya zambarau, wakarudi kwenye mkanda. Msimamizi aliwaita wakaidi kwa kuvua glovu.

Daktari wa kazi angeyaona haya kwa jicho lingine, na nilipoanza kusoma vitabu vyao ndipo nilipoelewa thamani ya mafunzo yale. Fundisho la mwanzo kabisa ni kwamba kifaa cha kujikinga ndiyo njia ya mwisho. Kwanza unauliza kama sumu inaweza kuondolewa kabla haijamfikia mtu: korosho ipikwe kwa mvuke vizuri, ganda lipasuke sawasawa. Kisha unatazama kazi ilivyopangwa. Kama kipimo cha kilo kinamlazimisha mtu kuvua glovu, ugonjwa umo ndani ya kipimo cha kilo, na dawa ni kukaa na meneja kukibadili. Hilo linamhitaji mtu anayeijua ngozi na anayeijua kazi, na aliye na cheo cha kumwambia meneja hapana. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 ilikuwepo, na wakaguzi walikuwepo. Bibi hakumbuki daktari aliyewahi kusimama kando ya mkanda.

Ng'ambo ya Ruvuma, unayoiona ukisimama Shimo la Mungu asubuhi ukungu ukiwa umetoka, historia ilikuwa ya namna hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Msumbiji ya Wareno ilijaza wanawake katika viwanda vya korosho, na mwanahistoria Jeanne Penvenne aliandika kitabu kizima kutokana na masimulizi ya wanawake wa kiwanda cha Tarana, Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Nilikisoma kitabu hicho kwa wivu kidogo, kwa sababu yeye alikaa na wanawake wale akawauliza juu ya kazi yao. Mimi nilimfahamu bibi miaka 20 kabla ya kumuuliza.

Leo sheria ni nzuri kuliko zamani. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa mwaka 2001. Sheria ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda, na apimwe na daktari mwenye sifa za afya ya kazi; asipopatikana huyo, daktari mwingine aliyeidhinishwa. Hayo maneno ya "asipopatikana" yanakueleza hali ilivyo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008, na mfuko wake ulianza mwaka 2015. Umekuwa ukiwafundisha madaktari kutathmini ulemavu unaotokana na kazi. Muhimbili, ambako madaktari wamefundishwa tangu mwaka 1963, kuna somo la afya ya mazingira na kazi, na watafiti wake pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, wamepima vumbi katika viwanda vya mkonge na vya kahawa. Mkonge, ule ule uliowachukua babu zetu, hatimaye ulipata mtu wa kuupima.

Rafiki yangu mmoja ni daktari. Nilimuuliza, katika miaka mitano ya shahada, afya ya kazi aliisoma kwa muda gani. Akacheka. Mihadhara michache, na siku moja ya kutembelea kiwanda. "Walitupa kofia ngumu, tukapiga picha," alisema. Hasemi kwamba walimu walikuwa wabaya. Anasema mtihani haukuwa huko.

Hata tukiwafundisha mabingwa mia, sheria inamkinga mwajiriwa, na bibi hajaajiriwa na mtu tangu kiwanda kisimame. Anabangua uani, juu ya kigoda, yeye na jirani zake wawili, korosho zinauzwa stendi katika vifuko vya nailoni. Hana msimamizi wala mkataba. Mjomba wangu hupulizia salfa kwenye mikorosho kila mwaka kuanzia Juni, alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani ili unga ushike. Ubwiriunga ulionekana nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu miaka ya 1980 salfa ndiyo imeuokoa mkorosho. Anabeba mashine mgongoni, anafunga tisheti kuzunguka pua, anarudi saa tatu asubuhi macho mekundu, koo limekauka, mwili mzima wa manjano. Akienda zahanati ni kikohozi. Anapewa dawa ya kikohozi.

Daktari akitumwa huku na ushauri wa vitabuni atasema: nawa kwa maji mengi na sabuni, oga mara utokapo shambani. Ushauri sahihi. Lakini Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alikwishaandika jinsi maji yalivyofuatwa mbali huko mabondeni, na hata leo, mabomba yakiwepo, kuna majira dumu la maji linahesabiwa. Majivu ya bibi yalikuwa jibu la mtu asiye na maji. Kabla ya kuyaondoa, mtaalamu inampasa akae kwenye kigoda ajue yanafanya nini.

Ndiyo maana nadhani swali hili lisiwe mali ya mabingwa peke yao. Mabingwa tunawahitaji, wa kupima, wa kutunga viwango, wa kumkabili meneja. Lakini huku mtu wa kwanza kuutazama mkono ni tabibu wa zahanati na muuguzi. Wao ndio wafundishwe kuuliza, na kuliandika jibu mahali patakapoonekana. Kama wangeuliza tangu mwaka 1975, kungekuwa na madaftari ya miaka 50 yanayosema watu gani wa Newala waliungua, wapi na lini. Mimi nisingehangaika kuutafuta mkono katika hesabu za tani.

Mwezi wa Agosti mwaka jana nilimsindikiza bibi kituo cha afya, kidole gumba kimevimba. Tulimkuta tabibu kijana, pengine tunalingana umri. Alimwamkia bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akafungua daftari. Akaandika jina, umri, kijiji. Akatazama kidole, akaanza kuandika dawa.

Nikamwambia, "Samahani kaka, naomba uandike na kazi yake."

Akaniangalia, kisha akaangalia daftari, akitafuta safu. Hakuna safu. Akamgeukia bibi. "Bibi, unafanya kazi gani?"

"Nabangua korosho, baba."

Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo, nje ya mstari. Nilidhani yameishia hapo. Lakini alikaa akiitazama ile mikono, yote miwili sasa, akaweka kalamu chini, akavuta kiti karibu.

"Hebu nionyeshe," akasema, "huwa unaishikaje."

Bibi akatazama huku na huku, akachukua kifuniko cha kalamu mezani, akakishika kama korosho, akaanza kumwonyesha.